Alhamisi ya Kwenda Pande

Wiki iliyopita nilishuka ufukweni hapa Kilwa Masoko kutafuta samaki, nikakuta mafundi wamepindua mashua na wanaipaka sifa. Kwa asiyeijua, sifa ni mafuta ya ini la papa yaliyoachwa mpaka yakavunda, yanapakwa kwenye mbao ili maji ya chumvi na wadudu wasizile. Harufu yake ikishika nguo, hata ukifua mara tatu, watu watakukalia mbali. Wanawake wenzangu waliziba pua kwa pindo za kanga wakapita mbio. Mimi nilisimama. Nilisimama mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia hapana, nikarudi nyumbani bila samaki.

Tumeshafika umri wa kusimama ovyo njiani, mimi na nyinyi wa rika langu. Kitu kidogo kinakushika mguu, na mtu aliye karibu nawe hawezi kujua umeshikwa na nini. Kwetu Rasbura, Lindi, nilipokuwa na miaka kama kumi, harufu hiyo haikutoka kwenye mashua. Ilitoka kwenye gari.

Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, refu kuliko chumba tulicholala, na boneti lake lingetosha kuanikia muhogo wa nyumba tatu. Lilikuwa la meneja mmoja wa shamba la mkonge, ambaye siku moja alifunga virago akaenda kwao na kuliacha chini ya mkorosho. Lilikaa hapo miaka, kuku wakitaga kwenye viti. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la korosho, lakini ujanani aliwahi kuwa mfungua geti wa meneja yule, na kila jioni lile gari lilipopita mbele yake likinguruma, aliapa moyoni kwamba ipo siku. Basi siku ikafika. Aliliomba, wenye shamba wakafurahi kuondolewa taka, likavutwa kwa trekta mpaka uani kwetu, na watoto wa mtaa mzima wakilifuata nyuma kama wanafuata ngoma.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka mara moja. "Sasa tumepata banda la kuku," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Mama alikuwa na ulimi wa utani, na baba alikuwa na moyo wa karatasi. Baba mwenyewe angekutania mpaka ukome, lakini akitaniwa mbele ya watu anaungua. Nilirithi ulimi wa mmoja na moyo wa mwingine, na sijui kama nimepewa au nimeonewa.

Injini ilikuwa na silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, na zote zilikuwa zimeganda kwa kutu. Baba alimimina dizeli na mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, akaacha yanywe. Kila siku baada ya alasiri alichomeka spana ndefu mbele ya injini, akaiegemea kwa uzito wake wote, haikwenda. Akaongeza mafuta, akangoja, akaegemea tena. Wiki nyingi zilipita hivyo. Siku ilipokubali kusogea, labda upana wa kidole, aliingia ndani mbio na mikono myeusi kumwambia mama.

"Limesogea?" mama akauliza. "Limefika wapi?"

Tulicheka wote watatu siku ile. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nikisimulia yaliyofuata watu hudhani nyumba ile ilikuwa ya ugomvi tu.

Kilichobaki cha gari baba alikitengeneza kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa Lindi. Springi zilitoka kwenye lori bovu, maana barabara ya kwenda Kilwa siku hizo ilikuwa inakula magari, na lilipopanda juu likawa limesimama wima kama beberu. Rangi ilikuwa ya kijani ya kupakia mashua, na aliipuliza kwa pampu ya kupulizia dawa ya korosho, ambayo haikuoshwa vizuri, kwa hiyo gari likatoka na vidoa vya manjano vya salfa ambavyo havijafutika mpaka leo. Sakafu ilikuwa imeliwa yote na kutu, ukikaa ndani unaona mchanga chini ya miguu. Hapo ndipo alipoingia Fundi Athumani, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda mashua na hakuwahi kugusa gari maishani. Alipima, akachonga mbao za mvule, akazipanga, akaziba nafasi kwa pamba kama wanavyoziba mashua, kisha akapaka sifa chini na juu. Alisema sakafu ile ingeweza kuvuka bahari. Sisi tuliokaa karibu nayo tulijua tu kwamba inanuka.

Kisha ikaja habari ya viti. Viti vilikuwa vimebaki chuma, na baba hakuwa na sponji. Siku moja mama amekwenda shamba, baba akaingia chumbani, akatoa godoro, akalipasua. Lilikuwa godoro la sufi ambalo mama alikuja nalo kutoka kwao Pande siku alipoolewa, sufi iliyochumwa kwenye msufi wa uani kwa baba yake na kuchambuliwa na mikono ya mama yake. Baba alidhani atamnunulia jingine baadaye. Wanaume wana hilo "baadaye" ambalo wanaliona karibu sana.

Mama aliporudi na mzigo wa kuni kichwani, mimi nilikuwa nimetumwa dukani. Nilichokiona niliporudi ni kamba za kitanda ziko tupu, sufi imezagaa uani, na mama amesimama mlangoni mbele ya baba, Fundi Athumani na majirani wawili waliokuja kushangaa gari. Nilisikia maneno yake ya mwisho tu. Alisema, "Basi oa hilo gari, ulale nalo." Wale majirani wakacheka. Shangazi yangu Somoe alinishika mkono akanipeleka kwake kulala, na asubuhi nilipoletwa nyumbani mama hakuwapo. Shangazi alikuja kukaa nasi. Akaniambia bibi yangu wa Pande anaumwa, mama amekwenda kumuuguza.

Nikaamini. Kwetu mtoto haambiwi habari za talaka, anaambiwa kuna mgonjwa. Nilimwombea bibi kila baada ya sala, na yeye mwenyewe, kama nilivyokuja kujua, alikuwa mzima anapalilia ufuta.

Baba alitoa talaka moja. Watu wa kwetu wanajua maana yake: mlango umeegeshwa, haujafungwa. Mwanamke anarudi kwao, anakaa eda, na kabla eda haijaisha mume akitaka anamrejea mke wake, bila mahari na bila harusi. Eda ikiisha hajamrejea, mlango umefungwa. Hiyo ndiyo miezi mitatu ambayo baba alifanya kazi kwenye gari lile kama mtu anayefukuzwa, na katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui anafukuzwa na nini.

Angeweza kupanda basi. Angeweza kumtuma mzee yeyote mwenye heshima zake. Lakini mama alimcheka kwa sababu ya gari mbele ya watu, na watu walicheka, kwa hiyo baba alitaka kumfuata kwa gari lile lile, asimame nalo mbele ya nyumba ya wakwe zake na shemeji zake wote wakitazama. Nilimlaumu kwa hilo miaka mingi. Siku hizi namlaumu kidogo tu, maana ya kwangu ni makubwa zaidi.

Kwenye gari lile usukani ulikuwa kushoto, upande usio wetu, na abiria wa mbele alikaa kulia, mahali ambapo kwenye magari yote ya nchi hii anakaa dereva. Dirisha la upande huo lilikuwa limekwama juu tangu siku gari lilipokuja. Ghafla baba aliacha kila kitu akashughulika na dirisha hilo. Aliufungua mlango mzima, akatoa kioo, akachonga vipande, akatia grisi, akarudisha, likakwama, akatoa tena. Siku nne alikuwa kwenye dirisha moja. Ningekuwa na akili ya kujiuliza, ningejiuliza ni nani katika familia yetu asiyeweza kupanda gari lililofungwa vioo bila kutapika. Mama alikuwa akipanda basi lazima akae dirishani, na hata hapo alishika limau puani njia nzima. Nilimwona hivyo mara ngapi? Na bado sikuunganisha.

Badala yake nilimwona Bi Zainabu. Bi Zainabu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke asiye na mume, mwenye jino la dhahabu na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Alikuja kushona viti. Alipima, akakata kitambaa chekundu chenye maua, akarudi siku ya pili na ya tatu. Siku moja nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikainua macho, nikamwona amekaa kiti cha mbele cha abiria, ameegemea. Baba alikuwa amesimama nje ya mlango, anazungusha mkono wa dirisha. Kioo kikashuka chote.

"Upepo unakufikia?" baba akamuuliza.

"Unanifikia mpaka kifuani," akasema, akacheka kile kicheko chake.

Alikuwa na umbo la mama. Leo najua ndiyo sababu aliombwa akae pale, apimwe kiti na upepo kama mtu anavyopimwa nguo ya ndugu yake. Siku ile niliona kitu kimoja tu: mwanamke mwingine amekalia godoro la mama yangu.

Watoto wenzangu walinimalizia. Walisema gari linapambwa la bibi harusi, walisema nitapata mama wa kambo mwenye jino la dhahabu. Nilipomuuliza shangazi, alisema mambo ya wakubwa niyaache. Kisha Jumanne nikamwona baba anaweka doti ya kanga mpya, bado ina gundi ya dukani, ndani ya kisanduku cha mbele cha gari. Maandishi yake sikuyasoma. Ningeyasoma labda ningejua anaombwa radhi nani, lakini nilikuwa na hasira.

Siku hiyo hiyo alisimama uani na Fundi Athumani wakinywa chai, na nikamsikia akisema, "Alhamisi nakwenda kumchukua mwenyewe. Ijumaa jua likichwa nitakuwa nimechelewa."

Mwanamume wa kwetu mwenye adabu hamtaji mke wake kwa jina mbele ya watu. Husema mwenyewe, au mtu wangu, au wa nyumbani. Hilo nililijua, nililisikia maisha yangu yote. Lakini mke wake, kwa akili yangu, alikuwa Pande anauguza mtu, na mtu anayeuguza hachukuliwi haraka haraka Alhamisi ili Ijumaa isipite. Kwangu Ijumaa ilikuwa siku ya harusi. Nilihesabu mambo yote niliyoyaona, kiti, dirisha, kanga, Ijumaa, yakakaa sawa kabisa. Sijawahi tena kuwa na uhakika na jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika na lile.

Baba alikuwa amenifundisha sehemu za injini, kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine wa kumwonyesha anachokijua, na mimi nilipenda majina yake. Chini ya kofia nyeusi yenye waya nane kulikuwa na kitu kidogo cha plastiki chenye kipande cha shaba juu yake, hakizidi kidole gumba. Aliwahi kunipa nikishike. "Hii ndiyo rota," akaniambia. "Inazunguka humu inagawa moto, kila silinda fungu lake. Itoe hii, silinda zote nane ni maiti."

Jumatano alipokwenda kusali alasiri aliliacha boneti wazi, limeegemezwa mti. Nilipanda juu ya bampa. Kofia ilishikwa na vibano viwili, nikavifyatua, nikachomoa rota, nikarudisha kofia na vibano vyake kama vilivyokuwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Niliitia kwenye kopo langu la komwe, zile mbegu tulizochezea, nikalisukuma chini ya kitanda. Moyo haukunidunda hata kidogo. Nilijiona ninamlinda mama.

Alhamisi baba alioga mapema. Alivaa kanzu nyeupe na kofia aliyoivaa Idi, akajipaka mafuta mazuri, ingawa karibu na gari lile hapakuwa na mafuta ya kushindana na sifa. Fundi Athumani alikuja, naye amevaa vizuri, kwa kuwa mtu hendi kwa wakwe peke yake. Shangazi alifunga maandazi kwenye kitambaa. Baba akakaa, akasoma dua, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka vizuri, ikazunguka na kuzunguka, haikuwaka. Akarudia mpaka betri ikaanza kuchoka. Akavua kanzu akaikunja juu ya kiti, akafungua kofia ya waya, na nikaona mgongo wake ukitulia ghafla.

Walichekecha mchanga wa ua mzima kwa chekeche la unga. Walimulika chini ya gari, wakafungua mifuko, wakatikisa majani. Fundi Athumani alisema achonge nyingine kwa mpingo, atie shaba ya kitasa, na nadhani kweli angeweza, lakini ilihitaji siku mbili. Akamwambia pia lipo basi la alasiri. Baba aliniita, akachuchumaa mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, umeona kitu cheusi, kidogo, kile nilichokuonyesha?"

"Sijaona, baba."

Aliniangalia kidogo, akarudi kuchekecha mchanga. Asubuhi ya Ijumaa nilimsikia akitafuta ndani ya nyumba, akisogeza vitu. Kisha akatoka, akashusha boneti, akaenda msikitini. Hakuja kulifungua tena boneti lile maisha yake yote. Mimi nilikaa kibarazani nikamwona Bi Zainabu akipita na kapu lake, akaniuliza hali, akaendelea na safari zake. Hakukuwa na harusi. Nilijua nimeshinda, na nilikula wali mwingi mchana ule.

Baada ya kama wiki mbili alikuja kaka yake mama na punda wawili. Alichukua masufuria ya mama, kinu, kabati la vyombo, na mkeka. Hakukaa, hakunywa hata maji. Wakati wa likizo nilipelekwa Pande, nikamkuta bibi shambani na jembe, na mama amekonda. Nilimuuliza atarudi lini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akaniambia yeye na baba yangu hawako pamoja tena, eda imekwisha. Akaniambia baba alikuwa amemtumia salamu kwa muuza samaki kwamba atakuja Alhamisi kumrejea, na Alhamisi hakuja, na kaka zake wamesema mtu asiyetimiza neno kama hilo asirudishiwe mtu.

Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Walidhani ni maembe. Mwaka uliofuata mama aliolewa na mkulima wa palepale Pande, mtu mpole, sina neno baya juu yake. Baba hakuoa tena. Na mimi nikakua, nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, na kila nilipohama nyumba nilihama na kopo la komwe.

Sikumwambia mtu. Mwanzoni niliogopa kipigo, baadaye niliogopa kuchukiwa, baadaye sana nikajiambia yameshapita, wamezoea, ya nini kuwafukulia. Nilijua ni uongo. Kila nilipokwenda Rasbura kumsalimu baba gari lilikuwa palepale uani, kijani chenye vidoa vya manjano, matairi yamezama mchangani, na nilipita kando yake kama unavyopita nyumba ya mtu uliyegombana naye.

Ramadhani yake ya mwisho nilikwenda kumuuguza. Siku moja baada ya futari alikuwa ameegemea mto, mimi ninamkanda miguu, akaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Ile rota," akasema, "niliiona Ijumaa ile, kwenye kopo lako."

Mikono yangu ilisimama.

"Nilitaka nikuchape. Kisha nikafikiri. Wewe ulikuwa mtoto mwenye akili, nikajua umesikia kila kitu, unajua ninakwenda wapi. Nikasema, kama mtoto wake wa kumzaa hataki arudi kwangu, basi kuna alichokiona. Pengine nilimtesa, mimi sikujua. Nikakiacha kitu chako kilipo. Nami nilikuwa naogopa, sikufichi. Mabasi yalikuwepo. Lakini lile la kwako ndilo lililonikalisha chini."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko dua yoyote. Ijumaa ile, alivyohesabu yeye, ilikuwa bado haijamchwea. Alikuwa na rota mkononi mwake, na gari zima, na saa kadhaa za jua, akaacha kwa kuniheshimu mimi, mtoto wa miaka kumi niliyekuwa nataka kitu kimoja tu duniani, mama yangu arudi nyumbani.

Nilipaswa kumwambia. Maneno yenyewe si mengi: baba, nilidhani unaoa. Yalinifika mdomoni. Nikamtazama, mzee, amekwisha, ameishi miaka yote hiyo akiamini kwamba alimwacha mke wake aende kwa sababu ya haki, na nikaona kwamba nikisema namnyang'anya hata hicho. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa, kama nilivyoogopa siku zote.

"Nilikuwa mtoto, baba," nikasema. "Sikumbuki."

Akatikisa kichwa, akasema haina neno. Alifariki siku chache baada ya Idi. Jibu hilo ndilo linaloniamsha usiku. Ya miaka kumi najisamehe siku nyingine, maana ni ya mtoto. Lile "sikumbuki" nililisema nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Mama alikuja msibani. Hakulazimika, alikuwa mjane wa mtu mwingine, lakini alikuja kutoka Pande kwa basi, ameshika limau lake. Siku ya tatu, watu walipopungua, aliniomba nimpeleke uani. Nilimfungulia mlango wa kulia, ukalia, ukafunguka. Alikaa kwenye kiti cha mbele taratibu, akapapasa kitambaa chekundu kilichopauka, akabonyeza kwa kiganja.

"Sufi ya kwetu hii," akasema. "Haijalala hata kidogo."

Nilizunguka nikakaa upande wa usukani. Sakafuni bado ilikuwepo ile harufu, hafifu, na sote wawili tuliinusa. Akaniambia kwamba Alhamisi ile alivaa tangu asubuhi, akakaa kibarazani kwao mpaka magharibi. Ijumaa pia alikaa. Salamu alizoletwa na muuza samaki zilikuwa za maneno mawili, kwamba anakuja, na kwamba dirisha linafunguka.

"Hivi siku ile gari hili liligoma nini?" akauliza.

Kopo nilikuwa nimekuja nalo. Sijui kwa nini nilikuja nalo msibani, ila nilikuja nalo. Nilichukua rota nikaiweka kwenye kiganja chake, na nikamweleza yote, Bi Zainabu, kanga, Ijumaa niliyoidhani harusi, na yale baba aliyoniambia, na lile nililomjibu. Nililia nikisema, sikujizuia. Mama alikuwa anakigeuzageuza kile kitu, anakitazama huku na huku.

"Kadogo hivi," akasema.

Akakifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo moja, akalikaza kwa meno. Kisha akashika mkono wa dirisha. Nilitaka kumwambia asijisumbue, gari limekaa mvua na jua miaka yote hiyo, lakini alikuwa ameshauzungusha, na kioo kikashuka chote, laini, bila kukwama mahali. Alipoondoa mkono, vidole vyake vilikuwa na grisi mbichi.

Alivitazama vile vidole muda mrefu.

"Kumbe linafunguka kweli," akasema. "Na mimi miaka yote nilidhani alinidanganya."